Magari yaliyotelekezwa mitaani Dodoma: tuliongee hili kabla ya mvua

Ukipaki gari mjini, maeneo ya Uhindini au karibu na Nyerere Square, haichukui muda kijana wa ushuru wa maegesho ameshafika na kimashine chake, anaingiza namba, deni linaingia kwenye mfumo na usipolipa linakusubiri. Mi sina shida na hilo kabisa, nafasi ya barabarani ni ya wote na anayeikalia achangie. Shida yangu ni nyingine. Ukirudi huku mitaani tunakoishi, Nkuhungu, Ipagala, Makole, Kizota, unakuta gari limekaa pembeni ya njia toka Dodoma haijawa jiji, halina tairi, halina kioo cha nyuma, na hamna mtu hata mmoja aliyewahi kuandika namba yake popote. Gari zima linalotembea lina sheria na mtu wa kuisimamia kila saa, gari lililokufa halina mwenyewe wala msimamizi, na hilo lililokufa ndo linalotuumiza zaidi.

Ngoja niwaelezee moja kwa sababu nalipita kila siku. Ni Noah, zamani ilikuwa nyeupe, iko kwenye kona ya njia ya mtaa wetu pale njia inapokuwa nyembamba. Mbele imekaa juu ya matofali, nyuma zimebaki rimu tupu zimezama kwenye udongo, mbigili zimeota mpaka usawa wa mlango. Taa za mbele zilishachomolewa, saiti mira zote mbili hazipo, boneti inafungwa kwa waya wa kuanikia nguo. Chini ya injini udongo umekuwa mweusi na mgumu kwa oili iliyokuwa inadondoka mpaka ikaisha. Ndani siti za katikati zipo bado na watoto wa mtaa wameifanya daladala yao, mmoja dereva mmoja konda, wengine abiria, na ukiwatoa asubuhi mchana wamerudi. Sasa wazazi wenzangu hebu fikirieni jua la Dodoma la saa saba mchana, gari la vioo vimefungwa linavyochemka ndani kwa muda mfupi tu, na milango ya gari bovu mara nyingi inafunguka kwa nje tu, kitasa cha ndani kilishakufa. Mtoto wa miaka mitatu akijifungia humo wenzake wakakimbilia mpira nani atamsikia?

Halafu kuna suala la njia yenyewe. Maji hapa ni ya mgao, hilo kila mtu anajua, kwa hiyo nyumba nyingi zikikauka zinaita boza. Boza likifika pale kwenye ile Noah haliwezi kukata kona, dereva anashuka anaangalia, anapima kwa macho, anarudi nyuma, anajaribu tena, mwisho anakwambia mama hapa sipiti, leteni ndoo. Nimeona kina mama wamepanga foleni na ndoo kwenye boza walilolilipia wenyewe lijaze simtanki zao, yani hela imetoka na maji unabeba kichwani. Gari la taka nalo hivyohivyo, likaacha kuingia, linaishia barabara kubwa, basi nyumba za mbele ya ile kona taka zao zinarundikwa pembeni ya gari bovu maana tayari pale pameshaonekana jalala. Ndo mambo yanavyokwenda, gari moja linageuka dampo, dampo linaleta mbwa na nzi, na baada ya miaka miwili mtu mwingine analeta la kwake analiweka jirani, kwani si pale ndo pa mabovu.

Na mvua zikianza Desemba tairi zilizotupwa na mabodi yaliyo wazi yanashika maji. Mbu wa dengue, yule Aedes anayeuma mchana, anapenda hasa maji masafi yaliyotuama kwenye vitu vidogo, na tairi kuukuu ndo nyumba yake namba moja. Tanzania tulishapata milipuko ya dengue 2014 na 2019, Dar ndo iliumia zaidi, lakini mabasi na treni ya SGR kila siku zinaleta watu kutoka Dar, hamna ukuta pale Morogoro wa kuzuia ugonjwa.

Sasa watu watauliza haya magari yanatoka wapi. Mji umekua haraka jamani. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa 1973 na CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu, ikaundwa mwaka huohuo kuupanga mji, ndo maana mitaa mingi ya zamani ina viwanja vilivyonyooka, njia za nyuma na maeneo ya wazi. Serikali ilianza kuhamia kweli kweli 2016, CDA ikavunjwa 2017 kazi zake zikaenda halmashauri, na tarehe 26 Aprili 2018 tukatangazwa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa Dodoma mjini, ya 2022 ikahesabu 765,179. Watu wamekuja na magari yao, mengi yalishatumika miaka mingi Japani kabla hayajafika huku, yakazeeka, na njia za mtaa ni zilezile zilizochorwa enzi za baiskeli na Land Rover chache.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo naona watu hawaitaji kabisa. Zamani kila gari lilikuwa na ada ya mwaka, ile ya stika ya kwenye kioo, na hata kama gari limelala ada inahesabiwa, deni linapanda, kwa hiyo mwenye gari bovu kila mwaka alikuwa anakumbushwa kwamba ana kitu chake mahali na kinamgharimu. Kwenye bajeti ya 2017/18 ile ada ikafutwa, badala yake ikaongezwa shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Kwa anayetembeza gari ilikuwa nafuu kubwa na mi niliifurahia, na kwa kweli ni haki anayetumia barabara sana ndo alipe sana. Ila matokeo yake gari lisiloweka mafuta halidaiwi chochote, linaweza kukaa njiani miaka kumi bila kumgharimu mwenyewe hata shilingi. Gharama yote tunaibeba majirani. Hapo ndo sheria ndogo za jiji zilitakiwa ziingie kuziba pengo.

Na sheria zenyewe zipo, tusidanganyane. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inakataza kuacha gari sehemu inayozuia au kuhatarisha wengine, na ile faini ya 30,000 wote tunaijua rangi yake. Sheria ya Barabara ya 2007 inalinda hifadhi ya barabara, kwenye barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa hiyo gereji za chini ya mti zilizojipanga kando ya barabara ya Singida au ya Iringa nyingi ziko ndani ya hifadhi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inahusu oili na tindikali ya betri inayomwagika chini. Na sheria ya mamlaka za miji ya 1982 inaipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo juu ya mambo hayahaya, usafi, maegesho, vizuizi, zikipitishwa na madiwani na kuridhiwa na waziri zinatangazwa kwenye Gazeti la Serikali na zinakuwa sheria kamili.

Tatizo ni nani anashika simu. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, za mitaani ni za TARURA, eneo la wazi ni la halmashauri, gari linalotembea ni la trafiki, usajili uko TRA. Gari bovu linakaa katikati ya wote hao. Mimi na jirani zangu tulianza na ofisi moja wakatwambia hilo gari halitembei kwa hiyo sio kosa la barabarani, tukaenda ofisi ya pili wakasema ni mali ya mtu, hatuwezi kugusa mali ya mtu bila amri, ya tatu wakatupokea vizuri sana wakaandika kwenye daftari na ikaishia kwenye daftari. Hakuna aliyetudharau, wote waliongea kwa adabu, ila kila mmoja aliliona gari ni la meza ya mwenzake. Na hii hoja ya mali ya mtu ni nzito, mi nakubaliana nayo, maana nyuma ya kila gari bovu kuna binadamu na mara nyingi hadithi yake sio uzembe.

Mfano lile la pili la mtaani kwetu, Corolla ya zamani, mwenyewe tulimjua. Ni mzee mstaafu, anaishi nyumba ya nne kutoka pale lilipo. Watu walikuwa wanamsema pembeni miaka yote na hakuna aliyeenda kumwambia usoni. Tukaenda na mjumbe jioni, shikamoo mzee, marahaba wanangu karibuni, tukakaa, tukaongea habari za mvua na mashamba kwanza, halafu mjumbe akaingiza lile jambo taratibu. Mzee akanyamaza kidogo akasema, "Ile gari niliinunua kwa kiinua mgongo changu. Injini iliponoki fundi akanitajia hela ambayo sikuwa nayo, nikasema nikipata nitatengeneza. Kila mwaka nasema nikipata." Halafu akatuuliza, "Inawasumbua sana?" Jirani yangu mmoja mama mtu mzima akamwambia ndio baba, gari la taka halipiti, wajukuu wako wanacheza na vyuma vyenye kutu. Mzee akasema basi, mbona hamkuja mapema.

Wiki ileile kazi ikafanyika na naielezea ilivyofanyika kwa sababu wengi wanadhani ni jambo kubwa. Mjumbe alimpeleka mzee kwa mtendaji wa mtaa, ikaandikwa barua kwamba gari ni lake na analiuza mwenyewe kwa hiari, maana mnunuzi wa vyuma chakavu anayefuata utaratibu hanunui bodi la gari bila karatasi, anaogopa kesi ya wizi, na anatakiwa awe na kibali cha NEMC, lile baraza la mazingira, sisi tulimuomba atuonyeshe kabla hajagusa kitu. Fundi alifungua nati ya chini akatoa oili iliyobaki ikaingia kwenye dumu, akatoa betri, akatoa rejeta, akatoa na tenki la mafuta kabisa kwa sababu hakuna cha kukata na gesi karibu na tenki. Vilivyofaa kama spea vikauzwa peke yake, gia boksi ilipata mteja gereji, bodi likapigwa jeki likapandishwa kwenye kirikuu. Namba za gari mzee alizifungua mwenyewe kwa bisibisi akaziweka pamoja na kadi ya gari ili azipeleke TRA gari lifutwe kwenye usajili, na hili naomba mlizingatie, usiuze bodi na namba zake, namba ikiangukia mikono mibaya inafungwa kwenye gari la wizi na polisi wakianza kutafuta wanakuja kwako. Vijana wakachimba ule udongo wenye oili ukaenda kwenye viroba. Kwa hiyo Corolla imeondoka bila breki dauni, bila faini, bila mtu kugombana na mtu.

Ila ile Noah bado ipo. Yenyewe haina namba nyuma wala mbele, kadi haijulikani iko wapi, wengine wanasema mwenyewe alifariki na ndugu hawajafungua mirathi, wengine wanasema iliuzwa mara mbili bila kubadilisha jina. Hapa ujirani mwema unafika mwisho na ndo panahitaji sheria ndogo iliyonyooka. Tunauziana magari kwa mkataba wa karatasi moja, kadi inabaki na jina la yule wa kwanza, halafu gari likifa anayetafutwa kwenye mfumo ni mtu wa Mwanza au Mbeya aliyeliuza zamani na alishalisahau. Jamani ukiuza gari hamisha jina, ukinunua hamisha jina, hata kama ni la bei ya chini, maana siku limetelekezwa anayebanwa ni wewe.

Mi naona utaratibu mzuri ungekuwa hivi, na nauandika nikiwalenga madiwani wetu na watendaji. Gari likikaa njiani au eneo la wazi bila kutembea, mtendaji wa mtaa alibandike tangazo kwenye kioo na lingine kwenye ubao wa ofisi, na lisomwe kwenye mkutano wa mtaa, likiwa na tarehe inayoeleweka ya mwisho. Namba ya chesesi isomwe, kwa sababu hata gari lisilo na namba za usajili chesesi huwa ipo, ipelekwe polisi kuona kama sio la wizi na ipelekwe TRA kujua jina la mwisho. Mwenyewe akijitokeza apewe nafasi ya kweli ya kuliondoa, na kama ni mjane au watoto wanasubiri mirathi Mahakama ya Mwanzo, gari lisogezwe tu kwenye uwanja wao au sehemu isiyozuia njia mpaka msimamizi wa mirathi apatikane, lisiuzwe haraka haraka. Asipojitokeza mtu ndo livutwe lipelekwe yadi ya halmashauri, litangazwe, mnada ufanyike hadharani, gharama za kulivuta zikatwe na kinachobaki kitunzwe kwa jina la mwenye mali. Na wakala wa kuvuta asilipwe kwa idadi ya magari, hilo nalisisitiza. Dar watu walishalia sana na mawakala wa kuvuta magari wanaolipwa kwa kila gari wanalovuta, matokeo yake wanawinda magari mazima ya watu waliosimama dakika tano kununua dawa, na yale mabovu wanayaacha kwa sababu hayana wa kuyakomboa. Dodoma bado tunaweza kuepuka hilo kama kazi itasimamiwa na mtaa na kata na malipo ya wakala hayategemei idadi.

Kuna na yale ya barabara kuu, siwezi kuyaacha. Ukisafiri usiku kutoka Kibaigwa kuja huku unakuta lori limeharibika nusu yake iko kwenye lami, dereva hana zile pembetatu za kuakisi mwanga ambazo sheria inamtaka awe nazo, amekata matawi ameyatandika barabarani. Matawi ya kijani usiku hayaonekani mpaka umeshafika. Halafu lori likipona anaondoka, mawe aliyowekea tairi anayaacha palepale katikati ya njia yangoje bodaboda. Ndugu zangu madereva wa malori, pembetatu mbili hazizidi bei ya tairi moja, na mawe kuyatoa ni kazi ya utingo ya dakika mbili.

Huko mjini nako, wakati wa Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, magari yanajaa mpaka juu ya njia za waenda kwa miguu. Soko la Majengo ukienda na mtu anayetumia kiti cha magurudumu utaelewa ninachosema, inabidi umshushe barabarani katikati ya bajaji kwa sababu njia yake imepakiwa V8. Hapo sheria ipo na msimamizi yupo, kinachotakiwa ni gari la namba ya serikali liandikwe sawasawa na kirikuu ya muuza vitunguu.

Kwa wale wa mtaani kwetu, ajenda ya magari mabovu nimeshaipeleka kwa mtendaji na amekubali iingie kikao kijacho. Tukiitwa njooni na orodha, kila mtu aandike gari aliloliona kwenye njia yake, liko karibu na nyumba ya nani, rangi, aina, namba kama ipo na namba ya chesesi kama inasomeka, kwenye magari mengi ya Japani imegongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, ukifuta vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa inatokea. Mkimjua mwenyewe msimtaje mbele ya watu, mwambieni mjumbe pembeni twende tukaongee naye kwanza. Ile Noah ya kwenye kona ndo itakuwa ya kwanza kwenye orodha, na tukipata barua ya kata kabla ya Desemba, vijana wa kuipiga jeki tunao.